Kukata Kauli

Fomu iko mezani tangu Jumatano,
nimeikandamiza kwa bakuli la sukari isipeperuke
kila nifunguapo dirisha linaloutazama mto Tay.
Kurasa nne. Daktari Lorna alinipa huku akitazama viatu vyake,
akasema, hakuna haraka,
kwa sauti ya mtu aijuaye haraka ilipo.

Lugha yangu ina neno moja tu, wosia,
na neno hilo lina adabu zake:
hungoja mwenyewe azikwe ndipo lifunguliwe,
au husemwa na mama, mlango umefungwa,
bintiye akiolewa kesho.
Huu wa Dundee si huo wala si ule.
Huu unataka kusomwa nikiwa ningali nahema,
nimelala, pengine nasikia, sijibu.

Nilimpigia Ruzuna kule Aberdeen.
"Mama, uchuro huo!" Akakata simu.
Dakika tatu baadaye akapiga kuniuliza kama nimekula.

Mimi si mgeni wa mambo haya.
Miaka kumi na tisa nilifanya zamu za usiku
kwenye nyumba ya wazee juu ya kilima.
Nilimkata kucha Mzee Fergus miezi kumi na minne,
mpira wa chakula umeingia tumboni,
na kucha zinaota kwa bidii
kana kwamba zenyewe hazijapata habari.
Mwanawe alikuja kila Jumapili na gazeti,
akamsomea matokeo. Timu yao ikashuka daraja,
ikapanda tena. Mzee hakupepesa.
Hakuna aliyekuwa katili. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.
Hakuna aliyekuwa katili,
ila hakuna aliyewahi kumwuliza,
na siku ya kumwuliza ilipita
yeye yuko bustanini anafungia kamba miche ya nyanya.

Lakini Bi Chrissie je?
Tulishamsafishia kabati. Alfajiri moja ya Februari
akafumbua macho, akaomba chai,
akalalamika haina sukari.
Akaishi baridi tatu nyingine, na kila mtu akamchosha.

Siku yangu imeandikwa.
Sasa mimi naandika nini tena, pambizoni mwake?
Nilimwendea Maalim, akaniambia nirudi Ijumaa.
Ijumaa akafunga mlango, akaniuliza yeye:
mama yake yuko kwenye mashine huko Leicester,
ndugu wamegawanyika, wewe uliyezoea wagonjwa,
unaonaje?
Tukakaa. Radieta ikagongagonga.

Wazee wetu walituachia usemi wenye makali kuwili.
Kukata kauli: kuamua.
Kukata kauli: kufika pale ulimi unapolala
na waliokuzunguka wanakusomea Yasini.
Nilidhani ni ufukara wa msamiati.
Usiku huu, kalamu mkononi, nashuku walikuwa wanatuonya:
kauli ni ile ile moja,
uikate, au ikatike.

Ukurasa wa tatu una kisanduku kikubwa kitupu.
Nini muhimu kwako?
Nikajaza kwa Kiswahili, watafute wa kuwasomea.
Midomo yangu ilowanishwe, kwa maji, si kwa ile limau yenu.
Msiniite mpenzi, nina jina.
Nifunikwe nywele hata kama aliyepo chumbani ni mashine tu.
Ruzuna asiulizwe peke yake, usiku, kwenye korido.
Hapa nimesema mimi. Yeye ni mjumbe, na mjumbe hauawi.

Vile visanduku vidogo, cha kupigwa kifua,
cha mpira, cha mashine ya pumzi,
nimevitia alama kwa kalamu ya risasi.
Kimoja nimekifuta, nikakirudia, nikakifuta.
Karatasi pale imeanza kuota manyoya.

Saini bado.
Jumamosi treni yake inaingia saa nne na nusu.
Nitamwacha avue koti, apashe mikono,
alalamike juu ya meneja wake.
Nitamimina chai.
Atanyoosha mkono kuchukua sukari,
na bakuli litaondoka mahali pake.